Nina bega bovu na shamba la vichaka: ninunue msumeno gani wa cheni?

*"Nina shamba lililokaa miaka kadhaa bila kulimwa. Limejaa vichaka, miiba na vijiti vilivyosongamana, na katikati kuna miti kama thelathini. Mingi haizidi unene wa paja, michache inafika sentimita 25. Nina miaka 58 na bega langu la kulia liliumia zamani, kwa hiyo siwezi kuhangaika na mashine nzito kutwa nzima. Rafiki yangu ananishauri ninunue ule msumeno mdogo wenye mpini juu, kwa kuwa unashikika kwa mkono mmoja. Muuzaji anasema nichukue wenye bamba la inchi 20 nisije nikajuta baadaye. Kijana wangu naye anasema petroli imepitwa na wakati, ninunue wa betri. Sijawahi kumiliki mashine hii. Nimsikilize nani?"*

Ndugu msomaji, swali lako limebeba mambo mawili. Unataka mashine ambayo bega lako litaivumilia, na unataka mashine hiyohiyo imalize vichaka pamoja na miti. La kwanza linawezekana kabisa. La pili ndilo linalowafanya watu wengi wanunue kisichofaa, halafu waje kuilaumu mashine. Nikupe jibu fupi kwanza, kisha nieleze. Nunua msumeno wenye mpini wa nyuma na bamba (ule upanga wa chuma ambao cheni huuzunguka) la inchi 12 au 14, na vichaka vitafutie zana nyingine. Rafiki yako amekosea, na kosa lake ni la hatari. Muuzaji amekosea pia, ingawa kosa lake litaishia zaidi kwenye mgongo wako. Kijana wako anaweza kuwa sahihi, ila si kwa sababu aliyoitoa.

Tuanze na vichaka, maana ndivyo vitakavyokula siku zako nyingi.

Msumeno wa cheni umetengenezwa ukate mti mnene uliotulia. Meno yake yamepangwa moja kulia, moja kushoto, na kati ya jino na jino pana nafasi. Shina nene hukutana na meno kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo hukatwa kwa utulivu. Kijiti cha unene wa kidole huingia kwenye ile nafasi, na jino linalofuata, badala ya kukikata, hukidaka na kukivuta. Cheni ya msumeno wa petroli ikiwa kwenye kasi yake kamili hukimbia karibu mita 20 kwa sekunde. Kijiti kilichodakwa kwa mwendo huo kitakuchapa usoni kabla hujajua kimetokea wapi. Wakati mwingine hujipenyeza kati ya cheni na bamba, na cheni ikachomoka.

Kuna na udongo. Vichaka hukatwa chini kabisa, na cheni inayozunguka ikigusa ardhi kwa muda wa kupepesa jicho tu, mchanga unakula ncha za meno. Kuanzia hapo utakuwa unasukuma mashine kwa nguvu za mabega badala ya kuiacha ikate. Kwa mtu mwenye bega kama lako, hilo peke yake linatosha kuharibu kazi ya siku.

Vijiti visivyozidi unene wa dole gumba vimalize kwa panga, fyekeo, au mkasi wa matawi wenye mipini mirefu. Vinavyozidi hapo mpaka unene wa kifundo cha mkono ni kazi ya mashine ya kufyekea, ile inayovaliwa kwa mikanda. Si ya uzi wa plastiki: iwe na kisu cha chuma chenye ncha tatu kwa miiba na majani magumu, na kwa vijiti vigumu, kisu cha duara chenye meno ya msumeno, mradi mashine yenyewe iwe ya ukubwa ambao mtengenezaji ameruhusu kufungwa kisu hicho. Faida yake kwako ni mikanda. Uzito unagawanyika kwenye mabega yote mawili na nyonga, unasimama wima, na mikono inaongoza tu. Ina hatari zake: robo ya kisu iliyo mbele upande wa kulia ikigonga shina gumu, mashine nzima hurushwa pembeni kwa ghafla, na mawe yanaruka mbali. Mtu yeyote asikae ndani ya mita 15. Kama shamba ni moja na hutarajii kurudia kazi hii kila mwaka, kodi mashine hiyo au mlipe mwenye nayo, kisha fedha yako uielekeze kwenye msumeno.

Vichaka vikishaondoka, miti itabaki imesimama peke yake, unaiona mpaka chini, na una pa kukimbilia. Hapo ndipo msumeno wa cheni unapoanza kazi.

Sasa uzito. Namba unayosoma kwenye karatasi ya mauzo mara nyingi ni ya mashine tupu: haina bamba, haina cheni, haina mafuta. Msumeno mdogo wa petroli wenye injini ya sentimita za ujazo 30 hadi 35 huandikwa kilo 4 na ushei. Ongeza bamba na cheni, jaza petroli na oili ya cheni, utakuta umebeba kilo 5 na zaidi. Ya betri nayo ina mtego uleule, kwani watengenezaji wengi huandika uzito bila betri, na betri yenye nguvu ya kutosha yenyewe inaweza kupita kilo moja. Kwa hiyo usilinganishe karatasi. Mwambie muuzaji aweke kila kitu mahali pake, ujaze mafuta au uchomeke betri, kisha uinue wewe.

Na unapoinua, usiangalie kilo tu. Angalia uzito umekaa wapi. Ndoo ya maji ukiiweka karibu na tumbo unatembea nayo. Ukiinyoosha mbele kwa mikono miwili, dakika haiishi. Bamba refu hufanya hivyohivyo: husogeza uzito mbele ya mkono wa kushoto, na kila unapoinua ncha yake, bega na kiuno ndivyo vinavyolipa. Jaribu hivi dukani, injini ikiwa imezimwa: shika mpini wa mbele kwa mkono wa kushoto peke yake na uache msumeno uning'inie. Uliopimwa vizuri hukaa karibu sambamba na ardhi, ncha ikiinama kidogo tu. Ukiona ncha inazama moja kwa moja, bamba ni refu mno kwa mwili ule.

Hapo ndipo ninapopingana na muuzaji wako. Kanuni ya kuchagua bamba ni rahisi: lizidi kidogo kipenyo cha mti unaoukata mara nyingi. Mti wako mnene kabisa una sentimita 25. Bamba la inchi 12 lina sentimita 30, la inchi 14 lina 35. Unayo nafasi ya kutosha. Ukipachika bamba la inchi 20 kwenye mti wa sentimita 15, sehemu inayozidi sentimita 30 itakuwa imetokeza upande wa pili, usikokuona, ikitafuta tawi, jiwe au kisiki cha kugonga. Tena bamba la urefu huo linadai injini kubwa ya kulivutia cheni, na injini kubwa ndiyo kilo unazozikimbia.

Ncha hiyo ya bamba nataka tuitazame kwa karibu, maana ndiyo inayobeba jibu la rafiki yako. Tazama bamba kutoka pembeni. Ile robo ya juu ya ncha, pale cheni inapoanza kushuka kuzunguka pua, ikigusa kitu kigumu, meno hayawezi kukata kwa sababu yanaingia kwa pembe mbaya. Nguvu iliyokuwa ikate mti inageuka na kuurusha msumeno mzima juu na nyuma, kuelekea uso na shingo ya aliyeushika. Huitwa msumeno kuruka nyuma. Hutokea kwa sehemu ndogo ya sekunde, chini ya muda ambao binadamu anahitaji kushtuka. Hakuna mkono mwepesi kiasi cha kuuwahi.

Kinga ulizonazo ni za kimaumbile. Ya kwanza ni mikono miwili, dole gumba la kushoto likiwa limezunguka mpini wa mbele kabisa, kwa sababu umbali kati ya mikono miwili ndio unaokupa uwezo wa kuzuia ule mzunguko. Ya pili ni breki ya cheni, ile ngao iliyo mbele ya mkono wa kushoto: hujifunga mkono unapoisukuma, na kwenye mashine nyingi za sasa hujifunga pia kwa mshtuko wenyewe. Ya tatu ni kusimama kidogo kushoto mwa mstari wa bamba, kichwa kisiwe juu yake.

Msumeno wenye mpini juu umepunguza kinga ya kwanza kwa makusudi. Mipini yake miwili imekaribiana mno, hivyo huna nguvu ya kuzuia, na mashine yenyewe inafanya kazi karibu na uso. Ulitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyepanda mtini akiwa amefungwa kamba na mikanda, mwenye mafunzo, ambaye hana nafasi ya kutumia msumeno wa kawaida kati ya matawi. Viwango vya kimataifa vinaiweka misumeno hiyo kwenye kundi lake peke yake: ISO 11681-1 ni ya misumeno ya msituni, ISO 11681-2 ni ya ile ya wapanda miti. Na hata huyo mpandaji anafundishwa kuushika kwa mikono miwili. Rafiki yako ameona wepesi tu. Usiununue, hata ukipewa bei ya kutupa.

Lipo kundi jingine linalofanana nao kwa umbo, vile vimisumeno vya betri vyenye bamba la sentimita 10 hadi 15. Hivyo vinafaa kwa kupogoa matawi membamba, na kwako vinaweza kusaidia kwenye mabaki ya vichaka. Ukitumia, ule mkono usioshika mashine usiwe ndio unaoshikilia tawi karibu na cheni. Kwa kuangusha miti yako havitoshi.

Petroli au betri? Hapa bega lako lina neno kubwa kuliko mitindo. Misumeno yote hii imeundwa mkono wa kushoto ukae mbele na wa kulia nyuma, hata kwa anayetumia mashoto. Wakati wa kukata, mkono wa kushoto ndio unaobeba uzito mwingi. Wa kulia unabana kifyatulio na kuelekeza. Hiyo ni habari njema kwako. Habari mbaya ni kamba ya kuwashia. Msumeno wa petroli huwashwa ukiwa umewekwa chini, breki imefungwa, ncha ya buti la kulia ndani ya mpini wa nyuma, mkono wa kushoto umebana mpini wa mbele, na mkono wa kulia unavuta kamba kwa nguvu kuelekea juu. Injini ikiwa baridi utavuta mara kadhaa. Siku plagi imelowa petroli, utavuta mpaka bega likumbuke ajali yake yote.

Ndiyo maana nasema kijana wako anaweza kuwa sahihi. Petroli haijapitwa na wakati; wanaokata miti kutwa bado wanaitegemea, kwa kuwa kopo la lita tano linakupa siku nzima mahali pasipo na umeme. Lakini wewe una miti thelathini na bega moja zima. Msumeno wa betri unawaka kwa kubonyeza, unanyamaza kati ya mkato na mkato, mtetemo wake ni mdogo kuliko wa petroli, na hauna kabureta ya kuziba ukikaa miezi mitatu kwenye stoo.

Udhaifu wa betri uupime kwa hesabu, usiupime kwa maneno ya tangazo. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 4 ina wati-saa 144. Msumeno unaofanya kazi kwa bidii unaweza kula wati 1,000, kwa hiyo betri hiyo ina dakika kama nane na nusu za kukata mfululizo. Ukisikia hivyo unakata tamaa, lakini mti wa sentimita 15 ukatwe kwa cheni kali ni suala la sekunde chache, na muda mwingi wa kazi ni kutembea, kutazama na kuburuta matawi. Betri mbili za ukubwa huo, moja ikichajiwa nyingine ikifanya kazi, zitakuchosha wewe kwanza. Sharti ni kwamba kuna umeme wa kuchajia si mbali. Usiziache juani, na usizichaji zikiwa bado za moto. Volti 18 peke yake, ile ya betri moja ya drili, ningeiacha kwa kupogoa tu.

Kama shambani hakuna umeme kabisa, chukua petroli ya sentimita za ujazo 30 hadi 35, na uulize toleo lenye springi ya kusaidia kuwasha. Springi hiyo huhifadhi nguvu ya mvuto wa polepole na kuiachilia yenyewe, kwa hiyo kamba haikupigi kwa kishindo. Hapo lipia nyongeza. Mafuta yake ni mchanganyiko: kwenye uwiano wa 50 kwa 1 unatia mililita 100 za oili ya tustroki kwenye lita 5 za petroli, na ufuate uwiano ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine yako. Changanya kidogo kidogo. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi huanza kuchacha, na mashine nyingi zinazoitwa mbovu zimenyweshwa tu petroli iliyolala.

Sasa nije kwenye kitu ambacho wauzaji hawakitaji na ambacho, kwa maoni yangu, kina uzito kuliko chapa na nguvu ya injini vikiwekwa pamoja: ukali wa cheni. Msumeno mdogo wenye cheni kali utaipita haraka mashine kubwa yenye cheni butu, na hautakuumiza.

Muundo wa jino tunaoutumia leo una historia nzuri. Zamani cheni zilikuwa na meno yaliyokwaruza mti kama ya msumeno wa mkono, na zilihitaji nguvu nyingi na kunolewa kila mara. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon, Marekani, Joseph Cox, alimtazama buu wa mbawakawa akila kisiki na kugundua kuwa taya zake hukata kwa zamu, kulia na kushoto, zikisonga mbele bila kujali nyuzi za mti. Mwaka uliofuata alianza kutengeneza cheni ya namna hiyo. Chukua cheni mkononi uangalie: kila jino lina umbo la pembe iliyokunjwa, ukuta wake wa pembeni unakata nyuzi, paa lake linachonga kama randa. Mbele ya jino kuna nundu ndogo iliyo chini kidogo ya ncha. Nundu hiyo ndiyo inayoamua jino liingie kwa kina gani. Ikiwa juu sawa na jino, cheni inateleza bila kukata. Ikichongwa mno, cheni inauma kwa pupa na kuongeza hatari ya kuruka nyuma. Kwenye cheni nyingi ndogo tofauti hiyo ni milimita 0.65 tu, na hupimwa kwa kipimo chake, si kwa macho.

Kwa mashine ya ukubwa wako utakutana sana na cheni ya pitchi (nafasi kati ya viungo) ya inchi 3/8, ya umbo la chini. Inanolewa kwa tupa ya mviringo ya milimita 4, kwa pembe ya nyuzi 30 mara nyingi, ukisukuma tupa kutoka ndani kwenda nje, mivuto sawa kwa kila jino. Cheni ikiwa kali inatema maranda, vipande vinavyoonekana. Ikianza kutoa unga laini kama wa ugoro, simama ukanoe hapohapo. Ukiona mkato unapinda upande mmoja, meno ya upande mmoja yamekuwa mafupi au butu kuliko mengine. Nunua cheni mbili tangu siku ya kwanza, pamoja na tupa yenye kishikio cha kuonyesha pembe, na uliza kama muuzaji ana cheni za pitchi, unene na idadi ya viungo hivyo kila wakati. Mashine ambayo cheni yake haipatikani ni pambo. Omba pia cheni ya kupunguza kuruka nyuma. Kwa anayeanza sioni sababu ya kuikosa.

Oili ya cheni isiwe oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari. Ina chembe za chuma zinazokula bamba, ina mabaki yanayodhuru ngozi, na haishiki kwenye cheni inayokimbia. Kuangalia kama oili inafika, elekeza ncha kwenye kisiki cheupe bila kukigusa na ubane kifyatulio kidogo: ukiona mstari wa matone, iko sawa. Na ukimaliza kazi, legeza cheni, kwani iliyokazwa ikiwa ya moto itajibana ikipoa.

Fedha ya mavazi itoe kabla hujachagua mashine. Nasema hivi kwa sababu najua mpangilio wa kawaida: mtu ananunua msumeno wa juu kuliko uwezo wake, halafu anakata miti na kandambili. Unahitaji kofia ngumu yenye wavu wa uso na vikinga masikio, buti zenye ncha ya chuma, glavu, na suruali ya msumeno. Suruali hiyo ndani yake ina nyuzi ndefu ambazo cheni ikizigusa zinazolewa kwa wingi na kuisakama mashine mpaka isimame. Daraja la 1 limejaribiwa kwa cheni inayokimbia mita 20 kwa sekunde, daraja la 2 mita 24. Ikishakatwa mara moja imemaliza kazi yake, usiishone. Na usidhani ukimya wa betri unakusamehe lolote: cheni ni ileile.

Kuhusu kuangusha, karatasi haiwezi kukufundisha yote, lakini mti mdogo una tabia zake. Unakata kwanza mdomo, yaani pengo la pembe, upande unaotaka mti uangukie, kina cha robo moja ya kipenyo au pungufu. Kisha unakata kutoka nyuma, ukibakiza kati ya mikato miwili ukanda wa mti usiokatwa, upana wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Ukanda huo ni bawaba, ndio unaoongoza anguko. Kwenye mti wa sentimita 20 bawaba ni sentimita 2 tu. Ukipitiliza kidogo umeikata, na mti unaanguka unakotaka wenyewe. Mti mwembamba pia hauna nafasi ya kupigilia kabari nyuma ya bamba, kwa hiyo kama hauinami upande unaoutaka, funga kamba juu kabla hujaanza, na anayeivuta awe mbali kuliko urefu wa mti mara mbili. Watu wengine wote wakae umbali huohuo. Wewe safisha njia ya kurudi nyuma kwa mshazari, si moja kwa moja nyuma ya kisiki.

Kinachonitia hofu zaidi kwenye shamba kama lako ni vijiti vilivyopindwa. Mti ukianguka juu ya mche hai, mche unajikunja kama upinde, ncha yake imebanwa chini. Upande wa nje wa upinde umevutwa, wa ndani umebanwa. Ukiukata upande wa nje, nguvu yote inaachiliwa kwa mara moja, na shina lisilozidi unene wa mkono linaweza kuvunja taya. Simama pembeni, nje ya njia ambayo mche utarukia, na uupunguze kidogo kidogo kwa kukwangua upande wa ndani wa pindo mpaka ulegee wenyewe. Ukiona huwezi kufika bila kusimama mbele yake, uache.

Yapo mambo ambayo sitaki uyajaribu kwa maelezo yangu. Mti ulio karibu na nyaya za umeme ni wa shirika la umeme, hata kama ni mwembamba. Mti ulioinama sana unaweza kupasuka katikati ukiwa nusu ya mkato, shina likaruka kwa wima. Mti uliooza ndani, ulionasa kwenye mwenzake, au unaoelekea nyumba au barabara, muite mwenye ujuzi. Vivyo hivyo kwa chochote kinachokulazimu kuinua msumeno juu ya bega au kupanda ngazi. Uliza pia ofisi inayosimamia miti kwenu kama kibali kinahitajika. Sheria hutofautiana, na miti mingine hairuhusiwi kukatwa hata ikiwa shambani kwako.

Mwone daktari wa bega lako kabla ya kununua, umweleze kuwa ni kilo 5 mbele ya mwili pamoja na mtetemo. Kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mwambie pia, kwa sababu injini ya petroli na mota ya umeme zote hutoa uga wa sumaku. Ukiwa kazini vidole vikianza kufa ganzi au kuwa vyeupe, zima mashine siku hiyo; ikijirudia, rudi kwa daktari.

Ushauri wangu wa mwisho ni huu. Ile miti michache ya sentimita 25 mpe fundi anayejua akuangushie, umlipe nusu siku, na umwombe akusimamie wewe ukiangusha miwili mitatu ya sentimita 10. Mwangalie anavyoweka miguu, anavyosoma mwinamo wa mti, anavyofunga breki kila anapopiga hatua. Iliyobaki utaimaliza mwenyewe, asubuhi mbili tatu kwa wiki, ukiacha bega lipumzike katikati.